Kitabu Kilichoongezwa Muda Mara Hamsini na Mbili

Wewe, siku ulipoazima kitabu maktabani mara ya kwanza, ulizisoma zile sheria zilizobandikwa ukutani, au ulipiga sahihi tu kama sisi sote? Usinidanganye. Hakuna comrade aliyewahi kuzisoma. Kwenye kampasi yetu huku Kisauni, karatasi yenyewe wameibandika kwa selotepu nyuma ya mlango, na mlango hukaa wazi kutwa, kwa hivyo ukitaka kuisoma itabidi kwanza uifunge maktaba. Hivyo ndivyo wanavyozipenda sheria zao.

Basi nikusomee mimi, maana bila hizo kisa cha jirani yangu Mwanamkasi hakitakuingia. Mwanafunzi wa digrii, vitabu vinne, siku kumi na nne. Ukitaka kuongezewa muda utaongezewa, hata mara mia, madhali hakuna mwingine anayekisubiri. Lakini ufike mwenyewe dirishani, na kitabu mkononi, na kadi yako yenye picha. Kadi haiazimwi. Na ya mwisho: kitabu kikiwa nje kwa jina lako, hupati clearance, ile fomu ya kuonyesha hudaiwi na chuo, na bila clearance hupati cheti.

Hiyo ya mwisho uishike.

Mwanamkasi anakaa Magogoni, ukuta mmoja na kwetu. Alimaliza digrii ya biashara miaka miwili iliyopita, second upper, si mchezo, akarudi nyumbani kumsaidia mamake kukaanga viazi karai barazani. Mwanzo alikuwa akituma maombi ya kazi huku akilia. Baadaye akawa anatuma bila kulia. Mwisho alikuwa akituma kama mtu anayekuna kipele, hata hajui mkono unakwenda.

Jumatatu moja asubuhi simu ikalia, mafuta yako motoni. Alikuwa mtu wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zao Changamwe, jina lake Kioko.

"Ijumaa, saa tatu asubuhi. Uje na cheti. Original. Sitaki photocopy, sitaki barua ya to whom it may concern."

"Sawa."

"Madam, umepata kazi. Hufurahi?"

"Nimefurahi," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma namba za mita ya maji. Akageuza viazi.

Cheti kilikuwa kimekaa ofisini kwa msajili muda wote huo, kinangoja fomu ya clearance yenye mihuri saba. Mwanamkasi alikuwa na sita. Wa saba, wa maktaba, hakuwahi kwenda kuuomba. Alijua kwa nini.

Alikuwa na rafiki, Dhahabu, wa mtaa wa pili. Wameanza darasa la kwanza pamoja, wameingia chuo pamoja. Mwaka wa tatu wakaufanya mtihani wa takwimu, Dhahabu mbele, Mwanamkasi nyuma yake, akiutazama mgongo wa buibui lake saa tatu nzima. Matokeo yalipotoka, nafasi ya Dhahabu ilikuwa tupu. Missing marks. Kama hukusoma Kenya hutaelewa: umeufanya mtihani, umeikabidhi karatasi, halafu mtu na shahada zake tatu anaipoteza, na adhabu unaibeba wewe. Wakaenda wote wawili kwa mwalimu wa somo, Daktari tunamwita, na Daktari mwenyewe akaitoa orodha ya mahudhurio. Jina lipo, sahihi ipo, namba ya kijitabu cha majibu ipo: 004416.

"Kwa hivyo ulikuwepo," akasema Daktari. "Lakini script haionekani. Utarudia mwakani."

Dhahabu akaikariri namba ile kama Fatiha.

Na kwa kuwa nafasi ilikuwa tupu, portal ikamkatalia kujisajili mwaka wa nne. Na kwa kuwa hakujisajili, maktaba ikamfungia. Wanataka aurudie mtihani, na kitabu cha kusomea hawampi. Nani alitunga akili hii? Basi Mwanamkasi akafanya walilolifanya wengi wetu: akampa kadi yake. Kitabu chenyewe kilikuwa cha kijani, kimoja tu chuo kizima, na zamu ile Selpher, karani wa dirishani, hakuwepo, alikuwepo kibarua asiyetazama picha.

"Siku kumi na nne, Dhahabu. Usinichomee."

"Wallahi sitakuharibia jina, Mwana. Kikiisha muda nitakuja mwenyewe kukiongeza."

Siku ya kumi, Dhahabu akalala na kichwa kinamuuma. Hakuamka. Zilikuwa zimebaki siku mbili afanye mtihani wa kurudia.

Mwanamkasi alikwenda msibani. Alikaa ukumbini kwenye mkeka na wanawake wenziwe. Maiti alipokwisha koshwa na kuswaliwa, mjomba wake Dhahabu, Mzee Mbwana, akasimama kizingitini akatamka yale yanayotamkwa huku kwetu kabla jeneza halijatoka.

"Jamani, mwenye haki yake kwa marehemu, au mwenye amana yake, na aseme sasa. Ama amwachie, mwenetu aende mwepesi."

Mwanamkasi akafungua kinywa. Akaikumbuka karatasi ya nyuma ya mlango. Kadi haiazimwi. Wakijua watamfungia mtihani wa mwisho, wiki ile ile. Akafumba kinywa. Hakudai wala hakumwachia.

Jeneza likanyanyuliwa. Mzee Mbwana alikuja kusema baadaye kwamba alikuwa hajawahi kubeba maiti mwembamba mzito namna ile.

Basi Jumanne, siku moja baada ya simu ya Kioko, Mwanamkasi akaingia maktabani na fomu yake. Dirishani alikuwepo Selpher, mama wa kutoka bara aliyekaa kiti kile miaka kumi na minane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haiya, leo umekuja mapema. Na ni Jumanne."

"Mapema vipi?"

"Si wewe ni wa Alhamisi?" Selpher akaangua kicheko kidogo. "Na leo umesalimia. Nimeshtuka."

Mwanamkasi akadhani amefananishwa. Akatoa kitambulisho cha taifa, akaeleza: kuna kitabu, kilipotea zamani, aandikiwe faini atakayoandikiwa, yeye anataka muhuri. Selpher akaipiga namba yake kwenye kompyuta, kisha akamgeuzia kioo cha mashine aone mwenyewe.

"Kimepotea wapi? Si hiki hapa. Unakiongeza kila wiki mbili. Hujaclear, kwa hivyo kwa system bado wewe ni mwanafunzi, na hakuna anayekingoja, nitakukataliaje?"

Safu ilikuwa ndefu. Renewed. In person. Saa kumi na nusu. Renewed. In person. Saa kumi na nusu. Mwanamkasi akaihesabu kwa kidole, polepole, mistari hamsini na mbili.

"Mimi sijakanyaga humu tangu nimalize."

"Msichana, mimi ndiye ninayekuongezea! Unasimama papo hapo. Kitambaa cha maruni, pini ya kipepeo hapa begani. Nasema kila siku, huyu mtoto ana kiburi cha second upper."

Kitambaa cha maruni Mwanamkasi alikivaa siku moja tu maishani, ya kupigwa picha ya kadi, mwaka wa kwanza. Kilikuwa cha Dhahabu. Alikiazima asubuhi akakirudisha jioni, na pini yake.

Alingoja aogope. Woga haukuja. Kilikuja kitu kama ganzi ya mguu, ila kilikuwa mwili mzima.

Selpher sasa alikuwa hacheki. Alimtazama yule binti wa miaka ishirini na nne aliyechoka, mikono ina makovu ya mafuta, kisha akainama dirishani.

"Kuna kitu nilikuwa sitaki kukisema," akanong'ona. "Wewe yule wa Alhamisi. Hupepesi macho."

Jumatano Mwanamkasi akaenda kwa mamake Dhahabu. Alimkuta anachambua mchele. Akasalimia, akakaa, akasema lililomleta: kama kwenye vitu vya marehemu kuna kadi yake, na kitabu cha kijani.

Mama mtu hakunyanyua macho kwenye ungo.

"Siku ile twaliuliza, mwanangu."

"Mliuliza."

"Nawe wali papo. Nalikuona."

"Nilikuwepo, mama."

"Mbona hukunena?"

Mama akaondoa kijiwe, akakitupa.

"Kadi hatukuiona. Kitabu hatukukiona. Lakini chumba chake sijakipangisha, na Mbwana huniuliza kwa nini. Nimwambieni? Kila Alhamisi ya pili, baada ya alasiri, nikifungua mna mtanga kitandani. Nafagia. Sisemi na mtu."

"Mchanga wa wapi, mama?"

"Wa pale alipo."

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira. Mama akautua ungo chini, akamshika Mwanamkasi kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama anayemvusha barabara.

"Kesho ni Alhamisi yake. Chukua kilicho chako, ama umwachie. Moja. Lakini usininyamazie tena."

Alhamisi saa kumi Mwanamkasi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki mkabala na dirisha la Selpher. Fomu mapajani. Ilikuwa jua kali, maktaba ina wanafunzi watatu, mmoja amelala juu ya laptop. Fikira zake zilikuwa fupi. Achukue kitabu. Akirudishe. Apigiwe muhuri. Kesho saa tatu, Changamwe. Mamake aache kusimama juu ya mafuta.

Saa kumi na dakika ishirini na tisa, pangaboi la darini likasimama.

Stima haikupotea. Taa ziliwaka. Pangaboi tu.

Ikaja harufu ya karafuu maiti. Aliyelala juu ya laptop akaamka, akakusanya vitu vyake, akatoka bila kujua anakimbia nini. Wawili wakamfuata.

Hakuingia kwa mlango. Alitoka kati ya rafu. Kitambaa cha maruni. Pini ya kipepeo. Alitembea bila kuinua miguu, akafika dirishani, akaweka kitabu. Akaweka kadi juu yake.

Mwanamkasi akasimama. Akasogea mpaka ubavuni pake.

Ulikuwa uso wa Mwanamkasi mwenyewe, ule wa kwenye kadi. Miaka kumi na minane. Chunusi ile ya kidevuni. Ulitazama mbele tu, kama wanavyokwambia utazame kamera. Mwanga wa dirisha ulipoupiga, uling'aa. Kama plastiki.

"Dhahabu," akanong'ona.

Uso haukugeuka. Midomo ilichelewa, sauti ikatangulia. Na sauti ilikuwa ya Dhahabu, ile ile, na mtetemo wake.

"Nilikwambia sitakuharibia jina, Mwana."

"Nakitaka kitabu. Kesho naripoti kazini."

"Chukua. Ni chako."

Mwanamkasi akaweka mkono juu ya kitabu. Kilikuwa baridi. Kilikuwa kizito kama mchanga uliolowa. Hakuna aliyekivuta upande wa pili. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kama angevutwa, angevuta.

"Lakini alama zangu hazijatoka," ikasema sauti. "Nasoma. Kila siku nasoma. Huku hakuna anayenijibu."

Selpher alikuwa na mashine ya kusomea kadi mkononi. Macho ameyafumba. Miaka kumi na minane ya kazi ikamtoka kinywani yenyewe.

"Renew, ama return? Amua, msichana. Amua haraka."

Fomu ilikuwa pale. Kisanduku kimoja kitupu. Mwanamkasi akaitazama, akamtazama yule binti mwenye uso wake, ambaye alikuwa hajui bado kwamba digrii ni karatasi ya kufungia viazi. Hakuhisi huruma. Hakuhisi woga. Aliniambia hivyo mwenyewe, na hicho ndicho kinachomnyima usingizi hadi leo: kwamba hakuhisi chochote, na bado mkono wake ukaondoka juu ya kitabu.

"Mwongezee," akamwambia Selpher.

Kisha akasema lile alilopaswa kulisema mkekani.

"Dhahabu. Nimekuachia. Kitabu na kadi. Mama huyu shahidi. Nimekuachia."

Mashine ikalia. Mara moja.

Pangaboi likazunguka. Selpher akafumbua macho, na mbele yake hapakuwa na mtu zaidi ya Mwanamkasi, na juu ya meza mchanga mkavu, kiasi cha kujaza mkono. Akaukusanya kiganjani. Akasimama nao. Hakujua autupe wapi.

Ijumaa saa tatu Mwanamkasi alikuwa Changamwe.

"Original?" akauliza Kioko.

"Sina."

"Miaka miwili umemaliza na huna? Ulikuwa unangoja nini?"

"Rafiki yangu asome."

Kioko akamtazama vile wanavyotutazama. "Next," akasema.

Wiki mbili zikapita. Alhamisi ikafika, saa kumi na nusu ikafika, na Selpher, ambaye alikuwa amejifungia choo cha wafanyakazi kwa makusudi, akatoka akakuta hakuna mtu. Lakini kwenye sanduku la kurudishia vitabu, lile la chuma lenye mdomo, mlikuwa na kitabu kimoja cha kijani. Juu yake kadi ya Mwanamkasi. Jina lake lipo, namba ipo. Mahali pa picha ni peupe. Hapajafifia wala hapajakwaruzwa. Ni peupe, kama hapajawahi kupigwa picha.

Na ndani ya kitabu mlikuwa na kijitabu cha majibu cha chuo, kile cha mtihani, kimekunjwa mara moja. Kimejaa wino wa buluu, maswali yote matano. Pini zake zimeshika kutu kama kitu kilichofukuliwa. Nafasi ya alama tupu. Namba juu, kulia: 004416.

Selpher alimpigia Mwanamkasi muhuri wa saba siku ile ile. Kwa hivyo cheti anacho sasa. Kimetundikwa ndani ya nailoni juu ya jiko la viazi. Kijitabu akakipeleka kwa Daktari kwa mikono yake, na mimi nilikuwa mlangoni, niliona. Daktari aliisoma namba. Akaisoma tena. Hakukigusa. Alikisukuma kwa rula mpaka kikaangukia ndani ya droo, akafunga kwa ufunguo.

"Tutaangalia," akasema.

Huu sasa ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Chumba cha Dhahabu hakina mchanga tena, mamake amekipangisha. Siku hizi anayefagia ni kibarua wa idara, kila Alhamisi ya pili, jioni, mbele ya mlango wa Daktari. Asema mara ya kwanza mchanga ulikuwa kizingitini. Mara ya mwisho ulikuwa umeshavuka, umefika mguuni pa meza.

Basi nyinyi. Daktari, na mkuu wa idara, na msajili, na yeyote anayelipwa mshahara kwa kutuambia mfumo uko chini. Mtihani aliufanya, mwanamke aliyekaa nyuma yake yuko hai. Sahihi yake mnayo. Namba mnayo. Karatasi mliyoipoteza nyinyi, amewatafutia yeye, kutoka huko aliko, akawaletea mpaka mezani. Ifungueni hiyo droo. Sahihisheni. Akipita andikeni kapita, akianguka andikeni kaanguka, lakini andikeni.

Na fanyeni kabla ya Alhamisi.